Ziwa Lisilo na Pwani

Neno pwani linatokana na kitenzi kupwa. Si kila ukingo wa maji unaostahili kuitwa hivyo. Pwani ni ile sehemu ambayo maji yakipwa huiacha wazi na yakijaa huifunika. Kiswahili kilipopanda kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi pamoja na misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, kikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia hadi msitu wa Ituri, kilifika na neno hilo, na huku halikukuta kitu cha kukiita. Kasenyi na Tchomia, kwenye upande wa Kongo wa Ziwa Albert, ambako samaki wa mji wa Bunia hupakuliwa, hazina pwani. Zina ufuo: nyasi, matope, mchanga, kisha maji. Ukilitazama Ziwa Albert asubuhi na kulitazama tena jioni, utadhani halikusogea. Kwa hiyo mtu wa Bunia anayeshuka ziwani (na kweli hushuka, maana mji umekaa juu ya mita 1,200 na ziwa liko chini kwenye mita 620 hivi) haoni sababu ya kuhesabu siku za mwezi kabla ya kupandisha mtumbwi wake mchangani. Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Ziwa hili hupwa na kujaa, ila kwa vipimo vingine vya muda. Na kwa kuwa mwezi haututunzii hesabu yake, kuitunza ni kazi yetu, nayo tumeiachia kumbukumbu za wazee tu.

Tuanze na bahari, kwa sababu huko ndiko umakini wa namna hii ulikokomaa. Kuanzia Lamu hadi Kilwa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa ya kujaa huchelewa kidogo kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na pale Zanzibar tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Nahodha anayetaka kupiga chombo chake kalafati au kukipaka deheni hana haja ya kukibeba. Hukileta juu ya mchanga maji yakiwa yamejaa, hukiegemeza kwa gadi kushoto na kulia kisilale ubavu, kisha hungoja. Bahari hukiweka chini taratibu, humpa saa kadhaa za kufanya kazi akiwa amesimama pakavu, kisha hurudi kukinyanyua. Kazi ambayo ingehitaji mabega ya watu 20 hufanywa na mwezi. Lakini mwezi una masharti yake. Anayekipandisha chombo siku ya bamvua kubwa, akakifikisha juu kabisa ya ufuko, kesho yake ataona maji hayafiki alipokiacha, na keshokutwa yako mbali zaidi. Chombo kimepwelewa, na atakaa karibu siku 14 akingoja bamvua nyingine. Mtu huyo si mvivu wala si mgeni wa bahari. Aliona maji yamefika mahali fulani, akaamini kwamba hapo ndipo yanapofika siku zote. Naomba msomaji aishike picha hiyo, maana nitairudia.

Ziwani mwezi hauna nguvu ya kumfanyia mtu kazi. Unayavuta maji ya Albert kama unavyoyavuta ya bahari, ila beseni lenyewe ni dogo mno kwa mvuto huo kuonekana. Hata katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambayo yanalizidi Albert mara nyingi kwa ukubwa, kupwa na kujaa kunakoletwa na mwezi hakufiki sentimita 5. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 160 na upana wa kilomita 30 hivi, na hata penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 60. Mawimbi ya mtumbwi mmoja unaopita yanatosha kuificha kazi yote ya mwezi. Matokeo yake huyabeba watu. Mtumbwi wa mbao ukirudi Tchomia alfajiri, injini huzimwa na kuinuliwa kabla haijagusa mchanga, mtu wa mbele huruka na kamba maji yakiwa ya kiuno, na wenzake hungoja wimbi. Wimbi likifika nyuma ya mtumbwi wote husukuma kwa pamoja. Likirudi, hushikilia usifuatane nalo. Kila wimbi huwapa hatua moja, au mbili wakibahatika. Zilizobaki ni za magogo yanayowekwa chini ya mkuku na za majirani wanaoitwa kusaidia. Na hakuna kuuacha nusu. Baharini tezi ikibaki majini si neno, maji yataondoka yenyewe. Ziwani tezi iliyoachwa majini itabaki majini, na mawimbi ya mchana yataipiga, yataruka ndani, yataujaza mtumbwi maji na mchanga hadi mbao zianze kuachana na misumari kulegea. Mtumbwi ama uwe nje wote, ama uelee na nanga yake. Huu ni ujuzi wa kweli, na mtu asiyewahi kuutazama kwa makini huudharau, kwa kuwa haukuandikwa popote na hauna majina mazuri kama bamvua na maji mafu.

Hata hivyo maji haya hayakai mahali pamoja. Kupwa na kujaa kwa kwanza kwa ziwa ni kwa siku, na kunaletwa na upepo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa nzito ikashuka kutoka kingo za Bonde la Ufa na kutiririka ziwani. Mchana jua huipasha nchi na upepo hugeuka, ukatoka ziwani na kuupiga ufuo wetu wa magharibi. Wavuvi wa usiku huondoka wakisukumwa na upepo wa nchi kavu, na hupenda kuwa wamekwisha kupandisha mitumbwi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Zaidi ya hayo, upepo mkali unaovuma kwa muda mrefu kuelekea upande mmoja huyarundika maji upande huo. Ukikatika, maji hurudi, yakapitiliza upande wa pili, yakarudi tena, kama maji ya beseni analolibeba mtu anayetembea. Ukipiga hesabu ya fizikia kwa kina cha wastani cha mita 25, yumbo moja la kukata upana wa ziwa huchukua kama saa moja, na la kufuata urefu wake huchukua saa 5 hadi 6. Muda huo haupo mbali na ule ambao maji ya Mombasa huuchukua kutoka kujaa hadi kupwa. Kimo chake ni kidogo na hakina ratiba, lakini mtumbwi ulioachwa jioni hatua mbili kutoka majini unaweza kukutwa alfajiri unaelea, na mwenyewe akaanza kumtafuta mwizi.

Mtu aliyezaliwa Kasenyi anaweza kunikatiza hapa, na ana haki. Atasema: upepo tunaujua, hatuhitaji kufundishwa, kinachotuua ni mitumbwi kupakiwa kupita kiasi na watu kusafiri bila maboya. Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyotoka upande wa Uganda ikiwarudisha nyumbani Wakongo, wengi wao wakimbizi wa kambi ya Kyangwali, ilizama katika ziwa hili, na watu zaidi ya 200 wakafa. Je, waliokufa siku ile wangeokolewa na mtu wa kutazama ufuo? Sidai hivyo. Boti iliyojaa kupita uwezo wake itazama hata kama nahodha anasoma upepo kama kitabu, na dawa yake ni sheria inayosimamiwa gatini kabla kamba haijafunguliwa. Ila pingamizi hilo lina kasoro moja: linadhani kuwa hatari ya ziwa ni ile tu inayotokea ndani ya saa moja, yenye mawimbi na vilio. Ipo nyingine inayokuja kwa miezi, bila kelele, na haimfuati mtu majini. Humkuta nyumbani kwake.

Kila mwaka ziwa hupanda na mvua na kushuka na kiangazi, kwa kiasi kisichofika mita moja. Hilo wakazi wanalijua na mitumbwi yao huwekwa ipasavyo. Juu ya mpigo huo wa mwaka upo mwingine mrefu zaidi, na ndio ninaouita bamvua ya ziwa. Mwishoni mwa 1961 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki nzima. Kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2, na Albert, linalopokea Mto Nile kutoka Viktoria kwenye ncha yake ya kaskazini na Mto Semliki kutoka kusini, halikuweza kubaki chini. Ng'ambo ya Kasenyi, katika ufuo wa Uganda, Waingereza walikuwa wamejenga bandari ya Butiaba. Tangu 1930 meli iliyoitwa Robert Coryndon ilikuwa ikitoka huko kuja Kasenyi na abiria na mizigo, na kutoka Kasenyi watu walipanda barabara ya kuelekea Irumu na bara ya Kongo. Maji yaliifunika bandari mwaka 1962, huduma ikasimamishwa, na mwaka 1964 meli yenyewe ikazama palepale Butiaba. Haikupigwa na tufani katikati ya ziwa. Ziwa lilipanda hadi gatini na kuikuta imefungwa. Bandari haikurudi kuwa ilivyokuwa, na Kasenyi ikapoteza njia iliyoiunganisha na reli na barabara za Uganda.

Kisha maji yakapwa. Yalipwa polepole kwa miongo, na mwaka 2006 Ziwa Viktoria lilikuwa limeshuka kiasi ambacho hakikuonekana kwa miaka mingi. Ardhi inayoachwa na ziwa ni ardhi nzuri. Ni tambarare, ina rutuba, iko karibu na mitumbwi, na mwanamke anayekausha samaki hahitaji kuwabeba mbali. Aliyejenga hapo miaka ya 1990 hakuwa na upungufu wa akili; aliona mchanga mkavu ambao baba yake pia aliuona mkavu. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilipokuja, mambo ya 1964 yalirudi. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilionyesha Ziwa Viktoria likiwa kwenye mita 13.42, sentimita 1 tu juu ya rekodi ya Mei 1964. Ziwa Albert nalo likapanda. Nyumba zikaingiliwa na maji Kasenyi na Tchomia, na ng'ambo yake Buliisa na Ntoroko. Kati ya bamvua ile na hii ilipita miaka 56, muda unaotosha mvuvi kuanza kazi akiwa kijana, kuzeeka na kuzikwa bila kuona maji yakifika yanapoweza kufika. Hapa ndipo yule nahodha wa pwani anaporudi. Yeye alidanganywa na maji makubwa na gharama yake ilikuwa siku 14. Sisi tulidanganywa na maji madogo, na gharama ilikuwa mitaa mizima.

Kinachonigusa zaidi katika habari hii ni chanzo cha mvua hizo. Mwaka 1961, na tena 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kuliko kawaida, huku upande wa Indonesia yakipoa. Hewa iliyojaa unyevu ikapanda juu ya Afrika Mashariki na kumwaga mvua katika mabonde ya maziwa. Hali kama hiyo ilionekana pia 1997 na mwishoni mwa 2023, na miaka hiyo nayo ilikuwa na mvua kubwa. Maana yake ni kwamba bahari ileile inayopwa na kujaa kwenye fukwe za Mombasa ndiyo inayolijaza ziwa letu. Hutuma maji yake kwa njia ya mawingu, nayo hutufikia yakiwa yamechelewa, yakipita maziwa ya Viktoria na Kyoga na mito ya milimani. Nilisema mwanzoni kwamba neno pwani lilifika Ituri likakosa kitu cha kukiita. Sasa naona kilikuwepo cha kukiita. Uwanda ule wa Kasenyi, unaofunikwa na kufunuliwa kwa miongo, ni pwani kwa maana kamili ya neno. Tulikosa tu subira ya kuuona ukipwa.

Zipo sauti nyingine mbili ninazotaka kuzijibu. Ya kwanza inasema kwamba kumwambia mtu wa eneo la Djugu, huku Ituri, atazame kimo cha ziwa ni kumdhihaki. Machafuko yaliporudi huko mwishoni mwa 2017, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia mitumbwi miezi ya mwanzo ya 2018 na kuvuka hadi Sebagoro na fukwe nyingine za Uganda. Waliondoka saa ambayo bunduki iliwachagulia, na hakuna aliyengoja upepo. Sauti hii naiheshimu kuliko zote, na sitaijibu kwa kusema kuwa amani si muhimu. Nasema tu kwamba vita vimefanya swali la maji liwe zito zaidi. Watu wanaokimbia huishia ufuoni, kwa sababu ufuoni ndiko kuna chakula na njia ya kutoka, na hupewa ardhi ambayo haina mwenyewe. Karibu na ziwa, ardhi isiyo na mwenyewe mara nyingi ni ile ambayo ziwa bado linaidai. Anayewaonyesha mahali pa kusimika mahema, awe chifu, afisa wa serikali au shirika la misaada, anapaswa kujua mstari wa 1964 na wa 2020 uko wapi, la sivyo atawahamisha watu kutoka hatari moja kwenda nyingine.

Ya pili inasema mambo haya yamekwisha kupimwa. Setilaiti zinapima kimo cha maziwa makubwa tangu mwaka 1992, na Uganda ina kipimo chake Butiaba chenye kumbukumbu za tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kweli, na kumbukumbu hizo ni hazina. Lakini namba iliyo kwenye kompyuta ya mtaalamu haimwambii mtu wa Tchomia aliyeshika jembe kama msingi anaochimba uko juu au chini ya maji ya mwaka fulani. Bamvua haikuingia katika akili za watu wa pwani kwa sababu kulikuwa na jedwali zuri. Iliingia kwa sababu ina jina, ina siku yake, na kila mtoto aliona mwenyewe maji yanafika kwenye mnazi gani.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kidogo na kinawezekana. Nguzo ya mbao ngumu isimikwe majini mahali penye utulivu kwenye kila gati, Kasenyi, Tchomia na Mahagi-Port, ichongwe alama kila sentimita 10, na isomwe kila alfajiri kabla ya upepo wa mchana kuanza kuyachafua maji, kwa sababu namba ya saa 8 mchana ni namba ya mawimbi. Msomaji awe mtu wa kamati ya wavuvi, ambaye yuko pale hata hivyo. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Bunia waikusanye na kuilinganisha na ya Butiaba, na redio za mji ziitangaze mara moja kwa wiki, kama zinavyotangaza bei za sokoni na habari za usalama. Baada ya miaka michache watu watalizungumzia ziwa kwa namba wanazozijua, kama mtu wa Unguja anavyojua leo mwezi una siku ngapi bila kuangalia kalenda.

Kabla ya nguzo, lipo la kufanya mwaka huu. Walioingiliwa na maji mwaka 2020 wangali hai. Wanakumbuka kama maji yalifika kizingitini, kwenye dirisha au kwenye mwembe fulani, ila wengi wao wamekwisha kuhama mara moja au mbili kwa sababu ya vita, na wanaoweza kuonyesha mahali wanapungua. Waulizwe wangali karibu. Mstari upigwe kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa kanisa, wa shule na wa soko, na pembeni yake iandikwe 2020.